Mke Mwenza Mwenye Magurudumu Kumi na Mawili

Jana mchana usingizi ulinichukua kitini, ungo wa mchele ukiwa mapajani, nikaota kwamba injini ya garimoshi ameketi sebuleni kwangu anakunywa chai. Nasema "ameketi" na si "imeketi" kwa sababu mwenyewe alinisahihisha ngeli kabla hajamaliza kikombe cha kwanza.

Lakini afadhali nianze na yaliyotokea nikiwa macho, maana ndoto hii haikuzuka hewani.

Mimi naitwa Nyanzala. Mume wangu Mihambo ameendesha treni miaka thelathini na moja kwenye reli ya kati, kumi na tisa ya mwanzo kwa mvuke na iliyobaki kwa dizeli, mpaka akastaafu. Tunaishi kwenye nyumba za zamani za reli, stesheni ndogo iliyo magharibi ya Tabora. Nyuma ya stesheni kuna njia ya reli iliyokufa, na juu yake, mbele kabisa ya dirisha langu la jikoni, imesimama injini ya mwisho ya mvuke aliyoendesha. Tangu siku mvuke ulipoachwa haijatikisika. Magurudumu yameshikana na reli kwa kutu, nyasi zimeota mpaka kwenye ekseli.

Kila asubuhi Mihambo huchukua kopo la mafuta na matambara akaenda kuipangusa. Huiita Bibie. Mimi na yeye tumeoana miaka arobaini na minne, na tangu kifungua mimba wetu azaliwe jina langu ni Mama Kalunde. Sikuwahi kulalamika. Lakini wiki iliyopita nilitafuta khanga yangu ya arusi, nikaikuta imechanwa vipande, imelowa grisi.

"Ilikuwa imechakaa," Mihambo akasema.

"Na mimi je?"

Akacheka. Alidhani nafanya mzaha.

Basi jana asubuhi akaja Luhende, mjumbe wetu wa nyumba kumi, na karatasi mkononi. Wakubwa wa reli wanataka kujua maoni ya wakazi: ile injini ibaki kama kumbukumbu, au ikatwekatwe iende kuwa chuma chakavu? Kila kaya dole gumba moja, safu ya kushoto kubaki, safu ya kulia kukatwa.

"Mwenyewe nitamkuta wapi?" Luhende akauliza.

"Unajua aliko. Lete hapa, niweke mimi."

Nikabonyeza gumba. Luhende akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Mama Kalunde, umekosea safu."

"Sikukosea."

Akaondoka bila kuaga vizuri. Mimi nikaosha gumba, nikapika, nikala peke yangu kwa sababu mwenye nyumba alikuwa kwa Bibie, halafu nikaketi na ungo wangu. Sikujisikia vibaya. Nilijisikia kama mtu aliyefunga mlango uliokuwa ukipitisha baridi siku nyingi.

Hapo ndipo nilipolala.

Bibie yupo kwenye kochi refu. Kochi halijavunjika. Amevua magurudumu na kuyapanga mlangoni, kama mgeni mwenye adabu. Nayahesabu nikiwa nimesimama: mawili madogo, halafu manane makubwa yanayonifika kifuani, halafu mawili madogo tena.

"Karibu," nasema, maana desturi ni desturi.

"Nimeshakaribia, mwenzangu."

"Mwenzako kwa lipi?"

Anavuta chai kwa bomba, fuuu, na dari langu linapata unyevu.

"Una viatu vingi," nasema.

"Si vingi. Ni mbili, nane, mbili. Ukoo wangu unatambulikana kwa hesabu, si kwa sura. Wawili wa mbele ni wa kuonyesha njia kwenye kona. Wanane wa katikati ni wa kuvuta. Wawili wa nyuma ni wa kubeba moto. Na nyumba hii ni ngapi?"

Kabla sijamwambia kwamba hayamhusu, kabati la vyombo linafunguka na anatoka karani. Amevaa kofia ya reli. Mahali pa uso ana saa ya stesheni, ile iliyosimama saa nne na robo. Anafungua daftari.

"Mbele?" anauliza.

"Mimi na mume wangu."

"Wawili. Katikati?"

"Watoto wanane."

"Wanavuta?"

"Saba wanavuta. Shija anavutwa."

"Anahesabiwa hivyohivyo. Nyuma?"

Natazama nyuma yangu. Kuna ukuta na kalenda.

"Nyuma hakuna mtu."

"Mbili, nane, sifuri," karani anaandika, na ile sifuri anaikaza mpaka karatasi inatoboka. "Moto wenu mnaubeba wapi?"

Bibie anaweka kikombe chini polepole.

"Usione aibu," ananiambia. "Hata mama yangu alikuwa mbili, nane, sifuri. Twende ukamwone."

"Siendi popote na wewe," nasema, na tayari tupo kwenye karakana kubwa huko Amerika, miaka zaidi ya mia iliyopita. Mafundi wana ndevu mpaka kifungo cha tatu. Ungo wangu bado ninao mkononi, na hakuna anayeniuliza nautakia nini.

Mama yake Bibie amesimama katikati. Ni mama mwenye nguvu, unaona wazi. Magurudumu yake makubwa manane yameunganishwa kwa mkono mmoja wa chuma kila upande, na kwa sababu hiyo hayawezi kusema moja moja. Yanasema yote kwa pamoja.

"Shikamoo," nawaambia.

"Marahaba, mama," wanasema wanane. "Umekuja kushuhudia dhuluma?"

"Dhuluma gani?"

"Miaka thelathini tunavuta mizigo milimani. Makaa ya mawe, chuma, magogo. Mbele yetu wapo wale wawili wadogo, hao hatuna ugomvi nao, bila wao tungetoka relini kwenye kona. Na moto tunaubeba sisi wenyewe, hapa katikati yetu. Sasa mtazame yule."

Fundi mmoja amepanda kiti. Ana barua kutoka Japani. Anaisoma kwa sauti: Wajapani wanataka injini, lakini makaa yao ni hafifu, moshi mwingi nguvu kidogo, kwa hiyo wanahitaji tanuri pana.

"Siwezi kupanuka," tanuri linasema kutoka gizani. Sauti yake ni ya mtu aliyevaa gauni la usichana wake. "Nimebanwa na magurudumu kushoto na kulia. Nipumue wapi?"

"Nyuma," fundi anasema. "Tutakutoa katikati tukuweke nyuma ya wanane, upanuke utakavyo. Na chini yako tutaweka magurudumu mawili madogo yakubebe."

Mlango unafunguka. Wanaingia wawili wapya, wadogo, wanang'aa, hawana hata mkwaruzo.

"Hao ni nani?" wanauliza wanane.

"Hatukuja kuvuta," wanasema wale wawili kwa upole. "Tumekuja kubeba tu."

"Ndivyo wanavyosema wote!" nasema mimi. Sikukusudia kusema kwa sauti, lakini mafundi wote wamegeuka.

"Tena," karani anaongeza, akisoma daftari lake bila huruma, "aina hii mpya itaitwa Mikado. Maana yake mfalme wa Japani."

Wanane wanatetemeka mpaka sakafu inalia. Nawaelewa. Nawaelewa kuliko ninavyowaelewa ndugu zangu. Miaka thelathini unavuta, unalala na masizi, kisha anakuja asiyevuta hata gunia moja, na siku hiyohiyo nyumba inapewa jina la kifalme.

"Mama, tufanyeje?" wanane wananiuliza.

"Wafukuzeni," nasema.

Kumbe kwenye karakana ile neno langu ni amri. Wale wawili wadogo wanatoweka chini ya tanuri. Injini inakaa chini kwa matako, kama mbuzi aliyegoma sokoni, na moto unamwagika sakafuni, na sakafu si sakafu tena. Ni kokoto za reli. Tupo kwenye mlima wa Saranda, jua la saa saba, mabehewa kumi na manne nyuma yetu, na treni imesimama.

Mihambo yupo kwenye kiti cha dereva. Ni kijana, ana masharubu ambayo niliyasahau. Hashangai kuniona.

"Mama Kalunde," anasema, ingawa kwa umri alionao Kalunde hajazaliwa. "Moto hautoshi. Nani ameondoa magurudumu ya nyuma?"

"Sijui."

Natazama ungo wangu. Wale wawili wapo humo, katikati ya mchele, wamekuwa wadogo kama chenga za mawe. Mimi kazi yangu ni kuchambua. Nawaokota kwa vidole viwili, nawafunga kwenye pindo la khanga, nakaza fundo.

Abiria wanashuka. Ni watoto wangu wote wanane, kila mmoja ana tiketi. Wanaanza kusukuma treni. Shija naye anasukuma, lakini kwa mbele.

"Mama," Kalunde ananiita akiwa ameinama, jasho linamtoka, "tunasukuma mpaka lini?"

Namwambia asiulize maswali ya kikubwa.

Mihambo anashuka kwenda kutazama chini ya injini. Nabaki na Bibie peke yetu. Sauti yake sasa inatoka kwenye saa ya kupimia mvuke, ndogo, kama ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa shuka.

"Unajua alikuwa akisema nini kwenye mlima huu?" ananiuliza.

"Alikuwa akikusifu."

"Kwenye kona ya kwanza alikuwa akisema, sasa hivi Mama Kalunde anateka maji. Kona ya pili, sasa hivi anawasha jiko. Tukifika juu, sasa hivi anatenga, na mimi sipo. Miaka yote aliyoniendesha. Nilizaliwa nile makaa, hapa nikalishwa mafuta mazito, na hakuna siku aliyoniuliza kama yananikubali tumboni. Ananitia mafuta, anakutaja wewe. Ananipangusa, anakutaja wewe. Nilikuwa nikipiga honi kwa nguvu ili nisisikie."

Nasema, "Basi una wivu."

"Nina boila. Wivu ukiingia kwenye boila hauna pa kwenda, unakuwa mvuke. Wewe wako unauweka wapi?"

Sitaki kumwambia. Nageuza maneno.

"Hata hivyo anakuita Bibie."

"Anaita Bibie kila injini aliyoendesha," anasema. "Hata ile ya dizeli."

"Hata ya dizeli?"

"Hata ya dizeli."

Kwa muda mrefu wote wawili tunatazama mgongo wa Mihambo pale chini, anavyoinama kutafuta magurudumu. Nadhani katika maisha yangu yote sijawahi kukubaliana na mtu kwa kiasi kile.

Karani anapanda ngazi. Amebadilisha kofia.

"Hesabu inarudiwa," anatangaza. "Ile ya kwanza ilikuwa ya Waingereza, wanahesabu magurudumu. Hii ni ya Wafaransa, wanahesabu ekseli. Kwa Waingereza Bibie ni mbili, nane, mbili. Kwa Wafaransa ni moja, nne, moja."

"Yaani mnapunguza nusu ya watu?"

"Hatupunguzi. Kwa hesabu hii gurudumu halihesabiwi mpaka lipate mwenzake wa upande wa pili, waliofungwa kwenye chuma kimoja. Likizunguka hili, linazunguka lile. Haya, mbele: nani na nani?"

"Mimi na Mihambo," nasema. Lakini safari hii nasema polepole, maana sina uhakika.

Karani anamgeukia Bibie. "Na wewe? Una ekseli moja na Mihambo?"

Nashika pindo la khanga. Nasubiri.

"Hapana," Bibie anasema. "Sisi hatuna ekseli. Mimi nilimbeba tu. Nilimpeleka, nikamrudisha. Kila mara nilimrudisha."

"Kwa nani?"

"Kwa huyu."

Karani anaandika "moja". Kalamu inalia kwenye karatasi.

Sijui nani alifungua lile fundo. Pengine ni mimi. Wale wawili wadogo wamelala kiganjani mwangu, wamepoteza mng'aro, wana vumbi la mchele.

"Hatukuja kuvuta," wanaanza tena.

"Nimesikia," nasema. "Nendeni mkabebe."

Nawaweka chini ya tanuri. Wanakua hapohapo. Injini inanyanyuka, tanuri linavuta pumzi ambayo mabehewa yote kumi na manne yanaisikia, na moto unatandaza mbawa. Watoto wanaacha kusukuma, wanapanda. Wanane wa katikati wananung'unika, lakini wanavuta. Nawasikia chini ya nyayo zangu wakiambiana kwa pamoja kwamba, kusema kweli, mgongo umekuwa mwepesi.

Tunapanda Saranda bila kuteleza, na upande wa pili wa mlima ni uani kwangu.

Kamba yangu ya nguo imekatiza reli. Bibie anasimama mahali pake pa siku zote, kwenye njia iliyokufa. Mihambo hayupo. Karani yupo, anakunjua karatasi ya Luhende. Imekuwa pana kama shuka ya kitanda. Alama ya gumba langu inaenea karatasi yote, na mistari yake ni reli, inazunguka na kuzunguka bila kufika stesheni.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa umesema akatwe."

"Ndiyo, nilisema."

Anatoa msumeno kutoka mfukoni. "Akatwe wapi? Mbele, katikati, au nyuma? Sheria inataka utaje namba."

Naitazama injini kuanzia kichwani. Mbele ni mimi na mume wangu. Katikati ni Kalunde na Shija na wenzao, nikiwataja wote mpaka wa nane. Nyuma ni moto. Natafuta sehemu isiyo na mtu, hata ya upana wa kiganja, nikate hapo, heshima yangu isianguke kabisa.

"Sina pa kukata," nasema.

Karani anaikunja karatasi mara nne, anaila, anaomba maji ya kushushia. Nampa. Anarudi kabatini na kufunga mlango kwa ndani.

Nimebaki na Bibie. Msidhani tulikumbatiana. Wivu uliokaa miaka yote hiyo hauondoki kwa sababu ya hesabu ya Wafaransa.

"Sikia," namwambia. "Utabaki. Lakini umekaa mbele ya dirisha langu la jikoni. Miaka yote nikisonga ugali natazama pua yako. Mume wangu akitoka kwako kuja nyumbani simwoni njiani, namwona akishafika mlangoni. Sogea."

"Kiasi gani?"

"Hatua moja. Nimwone anavyokuja."

"Nina kutu," anasema.

"Nami nina magoti."

Anafikiri. Kisha wanane wanavuta mara moja, na chuma kinapiga ukelele kama ng'ombe anayezaa.

Ukelele ule ndio ulioniamsha. Ungo umeanguka, mchele umetapakaa sakafuni. Sikuuokota. Nilivaa ndala nikaenda moja kwa moja kwa Luhende, nikamkuta anasuka kiti cha kamba.

"Nataka kuhamisha gumba," nikamwambia.

Hakuuliza kitu. Alileta karatasi. Kando ya alama yangu alikuwa ameandika kwa penseli: *atarudi*.

"Nakujua miaka mingi, shemeji," akasema. "Weka kushoto."

Nikaweka.

Mihambo alirudi jua likianza kulegea. Nilimsubiri anawe mikono, nikamketisha, nikamweleza habari ya karatasi, gumba la kwanza na gumba la pili. Ya ndoto sikumweleza. Alikaa na taulo mkononi, mikono imeshakauka, anaendelea kuifuta.

"Ulitaka akatwe," akasema.

"Nilitaka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umempa khanga yangu. Na kwa sababu unamwita Bibie."

Mzee mzima, masikio yamemwiva.

"Sasa nikuite nani wewe?"

"Nina jina, Baba Kalunde. Nilikuja nalo."

Alitundika taulo msumarini. Kisha akasema, "Nyanzala," taratibu, silabi kwa silabi, kama dereva anayesoma kibao cha stesheni ambayo kila siku aliipita bila kusimama. Akarudia. Mara ya pili lilitoka vizuri zaidi.

"Nenda kachukue kopo lako la mafuta," nikamwambia, maana macho yalianza kunisumbua. "Umelisahau kule. Nami nitasonga ugali."

Akaenda. Mimi nikaingia jikoni, nikabandika sufuria, nikatia unga. Nilisonga nikiwa nimeinama, kisha nikainua kichwa kutazama dirishani kama ninavyofanya siku zote.

Niliona njia. Ile njia ya miguu inayotoka kwenye stesheni, inapita kisima cha zamani, inakuja mpaka mlangoni kwangu. Yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pembeni, nyuma ya magurudumu mawili ya mwisho, kulikuwa na viraka viwili vya nyasi nyeupe kabisa, kila kimoja cha ukubwa wa sahani, nyasi ambazo hazijaona jua miaka mingi.

Na juu ya njia ile, kopo la mafuta mkononi, mume wangu alikuwa anakuja. Nilimtazama tangu kisimani.